Madirisha ya Usawa wa Goti

Kwandu Mayige alijenga miaka ishirini na mitatu kabla ya kukutana na ukuta asiouelewa. Ni fundi mwashi wa Somanda, mjini Bariadi. Kazi alifundishwa na mumewe, na mume alipofariki akarithi mwiko, pimamaji na wateja. Mwaka jana parokia moja upande wa Kiloleli ilimwita akarabati wodi ya zamani ya zahanati, iliyojengwa na wamisionari, ili iwe darasa la chekechea.

Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, Mzee Salvatory, hakuwa na maneno mengi. "Piga plasta. Yale madirisha ya chini ziba, toboa mengine juu."

Yalikuwa saba, madogo, yakianzia usawa wa goti. Kwandu alichuchumaa mbele ya la kwanza. Fundi anaweza kukosea mara moja, aliwaza. Huyu amerudia mara saba kwa kipimo kilekile, na juu ya kila dirisha akaweka tao safi la matofali.

"Ya nini haya, mzee?"

"Wengine wanasema ya kupitishia mbuzi."

"Mbuzi wodini?"

"Mimi niliyakuta. Ziba tu, mama."

Hakuziba. Alianza na ukuta wa nyuma, usio na madirisha, apate muda wa kuuliza. Katekista alidhani sakafu ilipandishwa baadaye. Hilo lilimwingia akilini, basi akachimba pembeni mwa ukuta mpaka kwenye msingi. Sakafu ilikuwa ya tangu mwanzo. Haikuongezwa hata inchi.

Siku ya tatu alielekezwa kwa Bibi Eufrasia, aliyekuwa mfagizi wa wodi ile ujanani mwake.

"Mwangaluka, mayu," Kwandu alimsalimu kwa Kisukuma akipiga goti.

"Mwangaluka. Ni wewe unayechimba sakafu yetu?" Bibi alicheka. "Hapo hapakuwa na vitanda, mwanangu. Vililetwa vinne tukiwa bado kwenye banda la muda, mgonjwa mmoja akaanguka akavunjika mkono, na tangu siku hiyo watu wakavikataa. Wakalala kwenye mikeka. Padri aliyekuwa akijenga wodi alikuja akalala katikati yao kutwa nzima, ana chaki mkononi. Macho yake yalipofika, ndipo alipochora mstari ukutani."

"Ili waone nje?"

"Waone nje, wapate upepo. Na sisi tuliokuja kuuguza tulikaa barazani. Mama yangu alifia pale. Wodi ilijaa, nikamshika mkono kupitia dirishani mpaka mwisho."

Kwandu alirudi, akafagia vumbi, akajilaza sakafuni. Akaona shamba la pamba kwenye mwinuko wa mbele, njia ya kisimani, ng'ombe wakipita. Upepo ulimgusa usoni, lakini aliposimama haukumfikia. Akaenda kumwita mwenyekiti.

"Nilale chini? Mimi?" Mzee Salvatory alitazama mlangoni kama kuna mtu, akavua koti, akalala.

"Watoto watakaa kwenye nini, mzee?" Kwandu aliuliza.

"Mikeka. Madawati hatuna bado."

"Basi ukitoboa juu, wataona mbingu tu."

Mzee aliinuka akijipangusa. "Yale mawili ya upande wa barabara ziba, vumbi la magari litawamaliza. Matano yaache."

Kwandu alibishania hayo mawili akashindwa. Kabla ya kuyaziba aliyapima, akayachora kwenye daftari, tao kwa tao, na kuandika alichosimuliwa na Bibi Eufrasia.

Sasa Jumapili baada ya ibada huenda kutazama majengo ya zamani ya misheni. Kuna shule moja ambayo ngazi zake za mlangoni ni fupi mno kwa mtu mzima, na hakuna anayejua sababu. Alipotoa tepu apime, mlinzi alimfukuza akidhani ni mpimaji wa viwanja. Ameomba barua ya utambulisho parokiani, na atarudi.