Ukoka wa Kizingo

Harufu ya ukoka uliong'olewa hainipiti hivi hivi. Ina ubichi wa mvua na vumbi la gunia ndani yake. Kila nikiinusa, hata nikiwa kando ya barabara vibarua wakipalilia, narudi uwanjani kwetu Kizingo, nina miaka minane, kucha zimejaa udongo, na sina wa kucheza naye.

Tulihamia huko muda mfupi baada ya uhuru. Baba alikuwa karani bandarini, akapandishwa cheo, na cheo kikaja na nyumba iliyoachwa na Mzungu. Kule Kibokoni tulikotoka, mama akipiga chafya jikoni, jirani humwombea rehema kutoka dirishani kwake. Kizingo ungeweza kupiga chafya mpaka mbavu ziume, asijue mtu. Majirani walipita ndani ya magari, vioo vimepandishwa. Baba akitoka asubuhi, mimi na mama tulibaki tukisikilizana tukipumua.

Mbele ya nyumba palikuwa na majani ya kizungu, ambayo yule Mzungu aliyanywesha maji kila siku kama mgonjwa. Alipoondoka yakanyauka, yakabaki magumu, yakimchoma mapaja anayeyakalia. Mama aliyatazama kwa muda, kisha jioni moja akamwambia baba, "Haya nitayang'oa. Nataka ukoka, majani ya kwetu, mtu aweze kutandika mkeka akaketi."

"Akaketi nani?" baba akauliza, akicheka.

Mama aliendelea kumimina chai.

Kazi ile haikuwa ya siku moja. Mama alijifunga leso kiunoni, akalima kwa jembe, nami nikamfuata nyuma nikiokota mizizi na vipande vya matumbawe, maana kisiwa chetu ukikichimba kidogo tu unakuta jiwe. Tukatia samadi ya mbuzi, tukasawazisha kwa ubao. Nilipodhani tumemaliza, mama akaanza kumwagilia udongo mtupu, nikahofu kwamba upweke umemwingia kichwani. Kumbe alikuwa akiyatoa magugu mafichoni, ayang'oe kabla ukoka haujaingia. Yakachipuka, tukayang'oa. Akamwagilia tena, yakachipuka machache, tukayang'oa na hayo.

"Sasa tupande," nikamwambia.

"Ukoka wataka mikono mingi, mwanangu. Tutawaita watu."

Alivyolisema neno hilo, uso wake ukarudi kuwa ule wa Kibokoni. Huko kwetu, harusi ikikaribia, wanawake hukusanyika kuchambua mchele. Ni kazi ambayo ingekwisha kabla ya adhuhuri, lakini hakuna anayetaka iishe, basi hufika alasiri wakitaniana na kusengenya kidogo, punje moja moja. Mama alitaka siku kama hiyo. Alimwomba baba apeleke habari, kwa kuwa baba alikuwa bado akiswali Ijumaa msikiti wetu wa zamani. Baba, baada ya sala, akawaambia wanaume barazani kwamba wake zao wanakaribishwa kesho yake. Akarudi ameridhika. "Nimewaambia wote," akasema.

Asubuhi ile mtu wa mkokoteni alituletea magunia ya ukoka alioung'oa karibu na ufuo. Mama alikuwa amekwisha kupika mahamri na mbaazi za nazi za kulisha mtaa, na mikeka ameikung'uta. Aliniogesha, akanitia wanja, akaniweka langoni niwapokee wageni. Nilisimama pale mpaka miguu ikaniuma. Alipita muuza maziwa na baiskeli yake. Halafu hakupita mtu tena.

"Mama, mbona hawaji?"

"Watakuja. Kwa miguu ni mbali."

Adhana ya alasiri ikaja kwa mbali, na ukoka ulikuwa umeanza kujikunja ndani ya magunia. Mama aliitazama njia mara moja ya mwisho, akavua bangili, akazitia mfukoni mwangu, akachuchumaa. Tukapanda wawili, kifundo kimoja kimoja cha ukoka, mpaka jua likazama. Nilikuwa na hasira na Kibokoni nzima. Yeye alikuwa analia, na alijifuta kwa mkono wenye udongo, ukambakia shavuni. Mahamri tuliyala mpaka yakawa magumu.

Mama hakuwauliza kitu, nao hawakueleza. Wakikutana harusini walisalimiana vizuri, wakajuliana hali za watoto, basi. Ukoka ulishika, ukafunga uwanja mzima, laini kweli. Alasiri mama alitandika mkeka juu yake akashona kofia peke yake, amekaa upande mmoja, kama mtu aliyeacha nafasi.

Alifariki nikiwa ndiyo kwanza nimeanza sekondari. Kwetu harusi watu hungoja waitwe, ila kwenye msiba hangoji mtu. Kabla maiti haijaoshwa, Kibokoni ilikuwa imefika, kwa miguu ile ile. Wanaume walikaa nje ya lango. Wanawake waliijaza nyumba, kisha wakamwagika uwanjani na mikeka yao.

Bi Rukia, aliyekuwa jirani yetu dirisha kwa dirisha, alinikumbatia, kisha akapapasa yale majani kwa kiganja. "Huu ndio ule ukoka?" akauliza. Nikamwambia ndiyo. Akaendelea kuyapapasa. "Twalisikia, mwanangu. Lakini hakutujia mtu mlangoni. Mwanamke huitwa na mwanamke, apige hodi nyumba kwa nyumba. Neno la waume barazani, tulichukueje? Tukasema, labda Kizingo hatutakiwi."

Ndipo nilipojua kwamba mama hakuwa akitengeneza bustani. Alikuwa akitengeneza baraza, akasahau kwamba baba hawezi kupiga hodi kwa niaba yake, au alikumbuka na akaona haya kurudi Kibokoni kuomba watu.

Nilimtafuta baba. Alikuwa amesimama langoni, pale nilipowekwa siku ile niwapokee wageni, akiwatazama wanawake walioketi, bega kwa bega, hata ukoka wenyewe usionekane.