Mlango wa Mabati ya Buluu

Siku mama aliyekuwa akituuzia maziwa alipokuja na karatasi mkononi, tulikuwa watano ndani ya chumba chetu pale Nakuru: mimi, dada anayenifuata, kitinda mimba wetu, mama huyo, na binti yake. Binti ndiye aliyesoma, kwa sababu mama hakujua kusoma. Alisoma yote, mpaka jina la blogu yangu pale chini.

Niliacha shule darasa la saba tulipowazika wazazi, nikawalea wadogo zangu hao wawili. Mwaka 2008, vurugu za baada ya uchaguzi zilipotulia, nikapata kazi ya kufagia na kuchapa barua za watu kwenye saiba moja mjini, duka la kompyuta na intaneti. Wateja wakiisha, mwenye saiba aliniruhusu nitumie mashine. Nikafungua blogu. Wiki mbili hazikuisha nikawa nimemaliza kila nilichokijua: bei ya unga, matope ya mtaani, foleni ya maji. Wasomaji walikuwa wanne, mmoja wao mimi.

Mwenye saiba, mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapa hapa, alisoma siku moja akacheka.

"Hii ni gazeti, na gazeti nanunua kila siku, boss," akasema. "Andika kitu mimi sijui."

Nilikuwa nacho kimoja. Januari hiyo, vijana walipopita nyumba hadi nyumba wakiwatafuta watu wa kabila letu, mama huyo wa maziwa alitufungia sisi watatu siku sita katika zizi la ndama. Vijana hao walikuwa wa kabila lake, wengine wa ukoo wa marehemu mumewe. Walipomuuliza, aliapa mbele yao kwamba humo hamna kitu ila ndama. Hakumwambia mtu, hata baadaye.

Nikaandika hayo. Nilijiona mwangalifu kwa kuwa sikutaja jina. Lakini niliweka mlango wa mabati ya buluu, chupa za wateja zilizopangwa ukutani kila asubuhi, na ndama mwenye sikio lililokatika, maana nilikuwa nimegundua kwamba vitu vidogo ndivyo vinavyomfanya msomaji aamini. Waliamini. Watu walio ng'ambo waliandika kwamba wamelia. Nikasoma maoni yao kama mtu aliyefaulu mtihani. Na mtu wa mtaani, sijui nani, akaitoa makala hiyo kwa printa na kuipitisha.

Wiki hiyo hakuna aliyeweka chupa ukutani pake. Mashemeji walimwambia akawauzie maziwa wale aliowaficha.

Binti alipomaliza kusoma, mama hakupandisha sauti.

"Yaani ulikosa kabisa kitu kingine cha kuandika?"

Dada alinitazama, akingoja nikatae. Jibu la kweli lilikuwa ndiyo, nilikosa. Nikasema, "Mathe, nisamehe."

"Samahani haikamuliwi, mtoto wangu," akasema, akaikunja karatasi.

Niliifuta makala jioni hiyo hiyo, lakini karatasi zilikuwa zimeshaenea. Kabla mwezi haujaisha aliuza ng'ombe wake wawili, akahamia kwa dada yake huko Dundori.

Thamosi yake bado iko kwetu. Alitupa imejaa chai asubuhi tuliyotoka zizini. Kwetu chombo cha jirani hakirudishwi kitupu, nami nilikuwa nangoja nipate cha kutia ndani. Dada huiosha, huirudisha rafuni, wala haniulizi tena nitaipeleka lini.