Feni ya Maji Kutoka Kakuma

Mama mkwe alipokuja kukaa nasi Lodwar, tulikuwa na feni moja ya dari na tuliona inatosha. Nyumba yetu ilikuwa ghorofa ya tatu, ya juu kabisa, na juu ya vichwa vyetu hapakuwa na kitu ila zege, lililokunywa jua kutwa nzima na kulitema jioni. Mimi na mume wangu tulikuwa tumezoea. Mama mkwe alitoka Kinangop, ambako Julai, kwa baridi, watu hawatoki karibu na jiko la makaa.

Alikuja kwa sababu mguu wake mmoja ulikuwa umepoteza nguvu na kule hakukuwa na wa kumwangalia. Hakuwa mtu wa kuomba. Ukimuuliza kama amelala vizuri, alisema amelala. Lakini kila niliporudi kutoka shuleni ninakofundisha, nilikuta feni imezimwa, madirisha yamefungwa, na yeye ameketi kitandani, kitambaa cha kichwa kimelowa jasho.

"Mama, mbona umezima?"

"Upepo unanipiga kifuani. Nitashikwa na nimonia."

Nilikuwa nikiiwasha, naye akiizima nikitoka. Hatukugombana. Katika miaka yote ya ndoa yangu hatukuwa tumezungumza vya kutosha hata tugombane.

Mume wangu akaamua kwamba dawa ni kiyoyozi. Akaleta fundi, fundi akapima ukuta na kuchora mahali pa kutoboa. Mwenye nyumba, mama wa Kiturukana aliyeishi pale chini, akapanda ngazi kuja kuona.

"Ejok," alitusalimu, kisha akautazama ule mchoro. "Hapa hapana toboa. Ukuta yangu ikipasuka nitafanya nini? Na stima ya hapa munaijua. Ikipotea, munafunga dirisha munakaa ndani kama mkate?"

Mume wangu alijieleza sana. Mwenye nyumba alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia hapana tena, akashuka.

Ndipo mfanyakazi mwenzake mume wangu alipomweleza kuhusu feni ya maji, ambayo huvuta hewa ya joto kupitia pedi nene za nyuzi zilizolowa maji na kuitoa ikiwa imepoa. Haihitaji ukuta kutobolewa, na haili stima nyingi. Zilikuwa zinauzwa Kakuma, katika soko la kambi ya wakimbizi. Jumamosi tukajitayarisha kwenda, na mama mkwe akatoka chumbani akiwa amevaa viatu.

"Na mimi nakwenda," alisema.

Duka lilikuwa la mama mmoja wa Sudan Kusini, mrefu, mwenye msalaba mdogo shingoni. Alimletea mama mkwe kiti kabla hata hatujamweleza shida yetu.

"Hii si ni feni tu?" mama mkwe aliuliza.

"Ni feni, mama, lakini ina maji. Kaa kwanza. Si lazima ununue."

Aliiwasha ikimwelekea. Mama mkwe akajifunika shali hadi kidevuni. Yule mwenye duka hakubishana naye. Aliigeuza mashine ikatazama ukuta, hewa ikawa inafika kwenye kiti polepole, kwa mzunguko. Tulingoja. Baadaye shali ikashuka mabegani, kisha magotini.

"Tuchukue hii," alisema mama mkwe. "Lakini nyumbani pia itazame ukuta."

Sikumbuki kama aliwahi kutuomba kitu kabla ya siku hiyo.

Miezi ya kiangazi feni ilitufaa. Alikubali dirisha moja liachwe wazi, maana bila hewa kavu kuingia mashine haifanyi kazi. Ugumu ulikuwa maji: mfereji wa juu ulikauka mara kwa mara, nami nikawa nabeba ndoo kwenye ngazi ili mashine inywe. Halafu mvua zikaja. Hewa ikawa nzito, feni ikawa inapuliza unyevu juu ya unyevu, shuka zikanuka uvundo. Tukaizima, na joto likarudi palepale.

Mwenye nyumba alipanda siku moja kuuliza habari za mgonjwa. Akashika shuka, kisha akainua mkono kuelekea dari kana kwamba anapima homa ya mtoto.

"Hii nyumba ya juu ni moto tu," alisema. "Chini kuna watu wanahama. Munataka?"

Mume wangu alianza kusema atafikiria. Mama yake akamkatiza.

"Tunataka."

Tulihamia chini, upande wa nyuma, ambako mwarobaini unafunika dirisha mchana. Hapakuwa na baridi, ila kuta hazikutuchoma usiku. Feni ya maji tunaitumia kukiwa kukavu, nayo bado inatazama ukuta. Ikifika Februari mume wangu hutaja kiyoyozi, na mama yake humwambia anunue mapazia mazito kwanza. Mwaka huu tumeyanunua.