Nilifeli Form Six Makusudi, Mara Mbili

Nilifeli form six mara mbili, na zote makusudi.

Usicheke. Kwenye moku, mtihani wa majaribio, nilikuwa wa kwanza shule nzima, mwalimu wa fizikia ananiita profesa. Mtihani wa taifa ukija naandika namba yangu, halafu naangalia nje dirishani mpaka muda uishe. Ziro.

Mtaa mzima wa Nangara ukasema nimerogwa.

Miaka hiyo mkoa wa Manyara ulikuwa mpya kabisa, ofisi zinafunguliwa Babati kila kukicha. Mzee wangu, Kasimiri, mkulima wa mbaazi aliyeteremka kutoka Mbulu na jembe lake, alikuwa na ndoto moja tu: mwanaye aitwe ofisa pale mkoani.

Na akishaitwa ofisa, aoe. Mke alishapatikana zamani. Scola, binti wa jirani yetu mzee Aniceti. Wazee walikubaliana sisi tukiwa bado tunachunga ndama, na sharti lilikuwa moja: Theophil amalize shule kwanza.

Theophil ndiye mimi.

Sasa shida yangu. Moyo wangu haujawahi kwenda kwa msichana, hata siku moja. Ulikwenda kwa Elimringi, mvulana tuliyekaa naye dawati moja form five, na yeye mpaka leo hajui. Kwetu jambo hilo halitamkwi. Likitamkwa mtu anahama mji, tena akiwa na bahati.

Kwa hiyo nilijificha shuleni. Mtu akiniuliza utaoa lini, namjibu nasoma. Anaitikia kwa kichwa kwa heshima, yanaisha. Ila shule ina mwisho, na mwisho wa shule yangu ulikuwa ndoa. Nikaona dawa ni kutomaliza.

Ziro ya kwanza mama alilia. Ya pili, wakaniletea jumuiya ya kanisa waniombee.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mtihani wa tatu unakaribia. Wanajumuiya walijaa sebuleni kwetu, kila mmoja anatoa nia yake ya sala. Mama Ombeni aliomba nifunguliwe vifungo. Mwenyekiti akamkemea shetani wa mitihani kwa sauti hadi ndama zizini wakaitikia. Scola alikaa karibu na mlango, akaomba kimya kimya.

Halafu baba akasimama.

"Nawashukuru wote. Nasema mbele yenu, huu ni mtihani wa mwisho. Afaulu, afeli, mavuno yakiisha huyu anaoa."

Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga. Ungefanyaje?

Nikifaulu, ndoa. Nikifeli, ndoa. Nilikaa pale natabasamu.

Mimi na Scola tukatumwa kurudisha mabenchi kanisani, kigangoni. Tulilibeba la kwanza, yeye mbele mimi nyuma, mpaka akatua upande wake.

"Theo, hivi wewe unafelije?"

"Bahati mbaya tu."

"Acha hizo. Unafeli kwa kutaka."

Nikatua na upande wangu, nikaangalia nyuma kama kuna mtu.

"Usiogope, simwambii mtu," akasema. "Mimi mwenyewe leo nimeomba ufeli. Kila mwaka naomba."

"Kwa nini?"

"Nilipata divisheni wani form four. Baba akasema mke wa msomi hana haja ya form five. Basi nimekaa nyumbani nakusubiri wewe, napukuchua mahindi na akili zangu zote." Akalishika tena benchi. "Sikutaki, Theo. Usinichukie."

Sijawahi kufurahi kukataliwa namna ile.

"Hata mimi sikutaki," nikasema. "Wala si wewe tu."

Alinitazama usoni. Nadhani alielewa. Hakuuliza, na kwa hilo namshukuru mpaka kesho.

"Basi faulu," akasema. "Faulu mpaka waogope. Halafu ukatae kuoa form four."

Nikafaulu. Divisheni wani. Baba akachinja beberu na kuita wazee wa pande zote mbili wapange posa. Walipokwisha kula nikaomba ruhusa ya kusema.

"Shikamooni, wazee wangu. Mimi nakwenda chuo kikuu. Kesho ofisini wataniuliza mke wangu kasoma mpaka wapi. Niwajibu form four?"

Baba alitamani ardhi immeze. Mzee Aniceti alinyanyuka taratibu, akagonga fimbo chini.

"Kasimiri, mwanao amenitukana. Binti yangu ana akili kuliko huyu. Nitauza ng'ombe, nitamsomesha, na huyu ndiye atakayeona haya."

Scola akajifunika uso kwa khanga, mabega yanamtikisika. Akina mama wakamwonea huruma, wakidhani analia.

Hasira za wazee zilipotulia, wakapatana: ndoa ibaki palepale, ifungwe Scola akimaliza shule. Mimi nikamaliza digrii, yeye ndiyo kwanza anaanza udaktari. Yeye akamaliza, mimi nikaenda masta. Mimi nikamaliza, yeye akaingia ubingwa. Kanisani wanatutolea mfano wa wachumba wenye subira. Mwanaume mwenye mchumba daktari, nani atamchunguza?

Wiki iliyopita alinipigia kutoka Mwanza.

"Theo, nimepata mtu. Nampenda kweli. Krismasi nataka kuwaambia wazee."

"Hongera," nikasema, na nilimaanisha.

"Na wewe utafanyaje?"

"Nimeomba nafasi ya PhD."

Akacheka. Halafu akalia. Mimi nilikuwa nimeshaanza kabla yake.

Ndugu zangu mnaonisoma, mtoto akisoma sana mpongezeni. Lakini kabla ya kumuuliza anamaliza lini, mwacheni aseme anachokiogopa, na akisema, asifukuzwe. Scola alisoma akatoka. Mimi nimerundika digrii juu ya digrii na bado niko ndani, nimeshikilia mlango kwa mgongo.

Jana baba kaniuliza hiyo PhD inachukua miaka mingapi. Nimemwambia inategemea.