Robo Saa ya Zagrodnica

Mtoto wa Zagrodnica, mji wetu mdogo huku Poland, hujifunza kutoa kabla ya kujifunza kujumlisha. Akitumwa mkate dukani kwangu, anainua macho kwenye mnara wa ukumbi wa mji, anasoma saa, anatoa robo, ndipo anajua kama amechelewa. Saa yetu iko mbele robo saa. Imekuwa hivyo tangu enzi tulipotawaliwa na mfalme wa Urusi, reli ilipofika hapa kwa mara ya kwanza na watu wetu, ambao hawajawahi kuwahi kitu isipokuwa chakula, wakawa wanaachwa na treni kila siku ya soko, wamebaki stesheni na mabata bukini yao kwapani. Mtunza saa wa siku hizo akachoka na vilio vyao, akaisogeza mishale mbele. Kwa mwaka mmoja hivi watu waliwahi. Kisha wakazoea, wakaanza kutoa, na faida yote ikaishia hapo. Lakini nani angeirudisha nyuma? Desturi ni kama sheria.

Mtunza saa wa sasa ni Bi Leokadia Wrzosek, jirani yangu ukuta kwa ukuta. Alizaliwa kijiji cha ng'ambo ya mto, binti wa fundi wa mapipa ya kuchachushia kabichi, akaja mjini kushona aproni katika ushirika, na hapo akaolewa na Teofil, aliyerithi saa kutoka kwa baba yake. Watu walisema Teofil anatunza saa. Uongo mtupu! Teofil alikuwa na kifua kibovu. Tangu mwaka wa kwanza wa ndoa aliyepanda ngazi za mnara kila siku na kuvuta juu yale mawe mazito yanayoendesha saa alikuwa mkewe, na Teofil alibaki chini akipokea salamu. Alipofariki, baraza la mji lilimkabidhi Leokadia kazi ile kwa jina lake mwenyewe. Siku hiyo alilia kuliko siku ya mazishi. Aliniambia hivyo yeye mwenyewe, nami sikumlaumu.

Ukitaka historia ya mji huu, usiende maktaba. Panda na Leokadia asubuhi. Huku akizungusha mkono wa chuma wa kuvutia mawe anakusimulia aliyoyapokea kwa baba mkwe wake, jinsi Wajerumani walivyoingia wakaamuru saa ya Berlin, na mzee akatii, akaweka saa ya Berlin na robo juu yake. Hapo hucheka mpaka mawe yanayumba. Lakini hadithi ina sehemu nyingine, na sauti yake hushuka. Nusu ya mji huu walikuwa Wayahudi, washonaji na wauza samaki na fundi aliyetengeneza meno ya saa yenyewe, nao walipakiwa kwenye treni pale pale stesheni yetu. Mzee alikuwa juu mnarani siku hiyo na aliona. Leokadia huwataja kwa majina wale anaowajua, na huwezi kumharakisha. Naona ni haki.

Baadaye wakaja wakomunisti, wakaenda, na baada yao wakaja wenye kupiga hesabu, wakaifunga reli. Miti ya mibetula ikaota katikati ya vyuma. Hatukuwa na treni ya kuwahi tena, ila robo yetu ikabaki juu.

Basi, mwaka jana reli ikafufuliwa. Treni ya kwenda Lublin, mji mkuu wa mkoa wetu! Meya wetu, Sławek Pytka, alikuwa hatembei ila anaelea. Sławek ni mtoto wa ubatizo wa Leokadia. Mungu hakuwajalia yeye na Teofil mtoto, kwa hiyo kijana huyu alilishwa pierogi, maandazi ya kuchemsha yenye viazi ndani, nyumbani kwake mpaka akawa na umbo alilonalo leo. Alikuja jikoni kwa Leokadia akiwa na tai shingoni, nami nilikuwepo, nimepeleka keki ya plamu.

"Mama wa ubatizo," akaanza, na nikajua kuna balaa, maana siku zote humwita Lodzia tu, kifupi cha jina lake. "Siku ya ufunguzi wanakuja wakubwa wa mkoa. Saa ya mji haiwezi kusema uongo mbele yao."

"Haisemi uongo. Inatia chumvi kidogo," akasema Leokadia. "Kaa ule."

"Nasema kweli, mama. Iweke sawasawa. Na baada ya hapo upumzike. Tumeshanunua mota. Haitaki mtu, inapokea saa kutoka Ujerumani, hewani."

"Wajerumani tena?" nikadakia.

"Bi Genia, tafadhali!"

Leokadia hakucheka. Aliweka kijiko chini. "Na mimi nifanye nini asubuhi, Sławek?"

"Ulale! Una magoti mabovu, kila mtu anajua. Nikikuacha uanguke mle ngazini, mji utanila mzima."

"Nikilala asubuhi, sitaamka," akasema. "Teofil alipumzika, umeona alipo."

Kijana akawa mwekundu, akala keki vipande viwili bila kutazama mtu, akaaga. Niseme wazi kwamba hakuwa mbaya. Alimpenda, na aliogopa zile ngazi. Lakini ukimnyang'anya mtu kazi yake kwa upendo, bado umemnyang'anya. Usiku ule nilisikia kupitia ukutani Leokadia akitembeatembea jikoni, nami nikawa namwombea mota ile iungue kabla ya kufungwa.

Padri alitangaza kanisani: saa itarekebishwa Ijumaa jioni, Jumamosi treni inaingia saa nne kamili, tafadhali waumini msitoe kitu. Wote tukaitikia kwa vichwa. Ijumaa Leokadia akapanda, akarudisha mishale nyuma robo. Aliposhuka, macho yalikuwa mekundu, nami nikasema ni vumbi la mnarani, naye akakubali kuwa ni vumbi.

Jumamosi hali ya hewa ilikuwa nzuri ajabu. Uwanja wa soko ulijaa. Bendi ya zimamoto ilikuwa imekaa kwenye baa ya dada yangu ikinywa bia, watoto wamevaa mavazi ya asili, meya ana mkasi kwenye mto wa hariri. Niliinua macho kwenye mnara. Saa nne kasorobo ya mnara. Nikasema, aa, bado nusu saa, nikarudi kutoa maandazi ya jamu kwenye mafuta. Kila mtu aliinua macho, kila mtu akasema aa. Simu tulikuwa nazo, kila mfuko na simu yake, na zote zinasema kweli. Lakini uwanjani kwetu nani anatazama simu?

Mnara ulipoonyesha saa nne kamili, mpiga ngoma alimaliza bia yake. Tukajipanga. Tukashuka barabara ya stesheni kwa madaha, bendi mbele, meya nyuma yake akipungia madirisha ambayo hayakuwa na mtu, maana wote tulikuwa naye barabarani.

Tulipokunja kona tuliuona mkia wa treni. Mwekundu, mpya, unaingia msituni polepole. Wakubwa wa mkoa walikuwa ndani yake wametubandikia nyuso kwenye vioo. Kwenye jukwaa palikuwa na utepe haujakatwa na bata bukini mmoja.

Bendi ilinyamaza, tarumbeta moja baada ya nyingine. Kisha Sławek akageuka, na uso wake ulikuwa umepauka.

"Lodzia yuko wapi? Ameniaibisha! Nilimwambia aiweke sawa!"

"Iko sawa!" akajibu fundi umeme, ameshika simu yake juu. "Bwana meya, iko sawa kabisa. Sisi ndio..."

Hakumaliza. Watu wakaanza kupiga hesabu vidoleni, na kicheko kikaanzia kwa wanawake, kikapanda. Na kona ile ile tuliyotokea sisi, nyuma yetu sote, tukamwona Leokadia anakuja bila haraka, gauni la sikukuu, keki mkononi imefunikwa kitambaa.

"Mbona mmesimama?" akauliza. "Bado haijafika?"

"Mama," akasema Sławek. "Si wewe uliyeirudisha? Kwa mikono yako?"

Leokadia akatazama reli. Akatazama keki. "Ndiyo. Jana." Akafikiri. "Nikatoa robo."

Meya wetu aliketi juu ya ukingo wa jukwaa na suti yake mpya, akacheka mpaka tai ikazunguka mgongoni. Alipopata pumzi alimvuta Leokadia akae karibu naye, wakafunua keki. Sote tulisikia, maana hakuna aliyejitia hamnazo.

"Juzi nilimuuliza yule aliyetuuzia mota," akasema. "Nilimuuliza kama inaweza kufundishwa robo yetu. Akasema haiwezi, inajua kweli peke yake."

"Maskini," akasema Leokadia.

"Nitairudisha walikoiuza. Lakini mama, magoti yako?"

"Magoti yangu yananiuma nikiwa chini, Sławek."

Sławek akamega keki. "Basi Jumapili baada ya misa tunapanda wote. Unifundishe. Ukiteleza, uniangukie mimi, mimi ni mpana."

Jioni ile ile mishale ikasogea mbele. Jumatatu treni ya pili iliukuta mji mzima jukwaani. Hakuna aliyethubutu kutoa hata dakika. Tulikuwa tumefika mapema mno, tunatetemeka kwa baridi, tunamlaani Leokadia kwa majina yote tuliyoyajua, naye amesimama mbele ya wote, anacheka mpaka machozi.