Unga Chini ya Ukuta wa Darasa la Zamani

Ngaa! Ngaa! Ngaa! Lilikuwa rimu la lori, limening'inizwa kwenye mkorosho, mlinzi akiligonga kwa nondo. Mpaka leo nikiwa nasuka mkeka kibarazani nikasikia fundi anagonga chuma, moyo unaniruka: nimechelewa mstarini!

Shule yetu ya sekondari pale Kibiti ilikuwa viraka vitupu, kila kiraka na zama zake. Katikati kuna darasa la zamani, kuta nene, madirisha madogo, lililojengwa mama yangu hajazaliwa. Yakafuata madarasa ya saruji, halafu maabara yenye bomba lisilotoa maji, halafu mabweni. Wanafunzi nasi vivyo hivyo: sisi wa bondeni tulionuka tope la mpunga, wenzetu wa milimani kusini, watoto wa watumishi na viatu vyao vya kung'aa, na wale wa bweni kutoka bara, waliokuja kidato cha tano kusoma sayansi wakashangaa kila kitu chetu. Mimi darasani nilikuwa wa hivi hivi tu, ila ndoto ninazo: niwe mtangazaji wa redio!

Basi mitihani ikiwa imekaribia, ukaonekana unga. Kilima kidogo cheupe chini ya ukuta wa darasa la zamani. Ukifagiliwa, Ijumaa inayofuata upo tena.

"Kuna mtu anatufunga tusifaulu," akasema dada mmoja wa bweni.

Hapo tukaanza kutazamana mikono. Wa bweni wakatushuku sisi wa bondeni, sisi tukawashuku wa milimani. Mpaka mmoja alipougusa ule unga akausugua vidoleni. "Wa mchele huu."

Macho yote yakageukia getini. Aliyekuja shuleni na unga wa mchele alikuwa mmoja tu: mama mkubwa wangu, muuza vitumbua, aliyenilea na kunisomesha kwa vitumbua hivyo hivyo. Siku ile ndoo yake ilirudi nyumbani imejaa. Kesho yake tena. Jioni nilimtazama akitwanga mchele, nami, Mungu anisamehe, nikajiuliza: au kweli?

"Mama mkubwa, ule unga ni wako?"

"Wangu." Wala hakuacha kutwanga. "Pale palikuwa uani kwa babu yangu. Mama yake kalala chini ya ukuta ule. Wazee walipoitoa ardhi ijengwe shule walisema sawa, ila mtoto wa nyumba hii asiache kuwapigia hodi waliolala pale, kwa unga wa mchele. Nawaombea nyie mfaulu, mwanangu."

"Sasa mbona husemi?"

"Tambiko linatangazwa kwa spika?"

Asubuhi mwalimu mkuu akaja getini kumwondoa, sisi tumezunguka. Mama mkubwa kainamia karai lake. Ndipo mlinzi, mtu wa milimani, mtani wetu, akaangua kicheko.

"Huyu ndiye mchawi? Hawa watani zangu ndege tu wanawashinda shambani, leo wawaweze wanasayansi wa bara? Mizimu yao ina njaa, ndiyo maana inakuja kula shuleni!"

"Funga domo, mla mizizi we!" mama mkubwa akamrudishia.

Watu wakacheka. Mwalimu mkuu naye akacheka, akasema akae, auze. Kwetu tusi la mtani halina kesi, na mara nyingine ndilo linalomwosha mtu.

Lakini kucheka si kununua. Rimu likagongwa, mapumziko, na wanafunzi wakasimama mbali, wanaviangalia vitumbua kana kwamba vitawarukia.

"Usile, shoga," rafiki yangu akaninong'oneza. "Huwezi kujua."

Mimi nilijua. Nikavuka uwanja peke yangu, nikachukua kimoja cha moto, nikawageukia wote, nikakitafuna taratibu mpaka mafuta yakanichuruzika kiwikoni.