Moyo Uliopimwa Dukani

Laiti ningemkatalia baba mdogo siku ile. Alisema hakuna haja ya mdogo wangu kurudi Dar es Salaam kupimwa moyo wakati mjini Kyela kumefunguliwa kliniki. Mimi, mtu niliyemaliza kidato cha nne, nikaitikia kama mtoto.

Daktari aliyempasua kifua na kupanua valvu ya moyo iliyobana alikuwa amenieleza mimi mwenyewe: kidonda kupona si moyo kupona. Arudi apigwe picha ya moyo, waone unavyosukuma damu. Kabla ya hapo asishike kazi nzito. Nilielewa kila neno.

Lakini kwetu Mwaya mwanamume asiyechimba kaburi ni nusu mtu. Mdogo wangu alikuwa akikaa pembeni misibani, shati limefungwa vifungo hadi shingoni, na wajinga wa ukoo wetu wakimwita bibi arusi. Baba mdogo ndiye aliyeongoza kicheko.

Kliniki yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha duka la vitenge. Miaka ile ya ruksa, biashara zilipoachiwa huru, kila aliyepata koti jeupe alikuwa tabibu. Huyu wetu kabla ya hapo aliuza vipuri vya baiskeli. Alimwamuru mdogo wangu achuchumae na kusimama, achuchumae na kusimama, kisha akamwekea mpira wa kusikilizia kwenye kovu, huku redio ya dukani ikipiga kelele.

"Huu moyo wa trekta," akasema.

"Na picha je?" nikauliza.

"Picha ni za harusi, bwana mkubwa."

Baba mdogo alicheka mpaka akakohoa. "Ndaga fijo, daktari," akamshukuru. Nami nikacheka. Nilijua yule ni tapeli, nikacheka hivyo hivyo, maana nilikuwa nimechoka kuitwa kaka wa bibi arusi.

Msiba ulipotokea kwa jirani, mdogo wangu alivua shati akashuka kaburini na jembe. Shimo lilipomfika kifuani akainua uso.

"Kaka, pumzi hazitoshi."

"Maliza zamu yako," nikamwambia, kwa kuwa watu walikuwa wakitazama.

Akainama tena, akakaa chini, hakuinuka. Baba mdogo, kwa akili zake zile, akatangaza kwamba amerogwa, na kundi zima likaitikia. Mimi niliyejua sababu sikufungua mdomo.

Kaburi lililofuata tulichimba la kwake. Nilikuwa na ndugu mmoja tu, na nilimtoa ili wapumbavu waache kunicheka.